Nyuki, Shahidi wa Hewa Tuivutayo

Chakula mtu hukichagua, na maji huyachuja, lakini hewa hana njia ya kuichagua wala ya kuichuja. Huivuta ile aliyo nayo, ikiwa safi au ikiwa chafu, tangu siku aliyozaliwa mpaka siku atakayokata roho. Tajiri na maskini wa mji mmoja huweza kutofautiana katika nyumba na mavazi, lakini moshi wa jaa ukisha kuwashwa hauulizi mlango huu ni wa nani.

Basi yatupasa tuulize swali ambalo wengi wetu katika miji ya pwani hatujaliuliza: twajuaje kilichomo ndani ya hewa hii? Jicho huona moshi na pua husikia harufu, lakini vumbi la risasi halina harufu, na kadimi iliyochanganyika na masizi haina rangi ya kuitambulisha. Vyombo vya kuipimia hewa vipo, lakini ni vya ghali, na kila kimoja hupima pale kilipowekwa tu; hatua elfu mbele yake hakina khabari.

Katika somo hili twataka kueleza njia moja ambayo wataalamu wa nchi mbali mbali wameitumia kwa miaka mingi, nayo ni kumwuliza nyuki. Tutaeleza kwanza kwa nini nyuki afaa kuulizwa. Pili, ni kitu gani ndani ya mzinga kitoacho jawabu. Tatu, mambo yaliyothibiti katika miji iliyofanya kazi hii. Nne, mipaka ya ushahidi wa nyuki, ili mtu asimzulie asilolisema. Na mwisho, jambo hili latuhusuje sisi.

KWA NINI NYUKI

Msomaji wa Qur'ani hahitaji kuambiwa ya kuwa nyuki ana daraja yake. Sura ya 16 imepewa jina lake, An-Nahl, na aya zake za 68 na 69 zimemtaja yeye, nyumba zake, na kinywaji kimtokacho tumboni. Lakini wengi wetu tukisha kuzisoma aya hizo, fikira zetu huishia kwenye chupa ya asali, na hali aya yenyewe imemalizia kwa kuwataja watu wenye kufikiri. Basi na tufikiri.

Nyuki wa asali tuliye naye hapa ni wa jinsi moja na nyuki wa Ulaya na Amerika, ila ana kabila lake. Wataalamu humwita Apis mellifera litorea, yaani nyuki wa ukanda wa pwani, nao humpambanua na yule wa nyanda za bara na yule wa milimani. Mzinga wenye afya huwa na maelfu kwa maelfu ya nyuki: malkia mmoja, madume wachache, na waliobakia wote ni vibarua wa kike. Kibarua huanza maisha yake kwa kazi za ndani. Akisha kutimiza umri wa majuma kama matatu hutoka nje kutafuta chakula, na kazi hiyo ndiyo aifanyayo mpaka afe, nayo kwa kawaida haizidi majuma mawili au matatu.

Mtazame kibarua huyu kwa siku moja tu. Jua likianza kupata moto hutoka akaenda kwenye mchu ulio ukingoni mwa maji, au kwenye maua ya mnazi, au ya mwembe, au ya mkwaju. Mara nyingi huenda mwendo wa kilomita moja mpaka tatu, na shida ikizidi aweza kufika kilomita 10. Mwili wake umejaa nywele, na anaporuka nywele hizo hupata umeme mdogo uvutao vumbi, kama vile kitana kilichopitishwa kwenye nywele kavu kivutavyo vipande vya karatasi. Umeme huo ndio ugandishao chavua ya maua mwilini mwake. Lakini vumbi la barabara na masizi ya moshi nayo humganda vivyo hivyo. Tena hufyonza mbochi katika maua, hunywa maji ya vidimbwi, na hukwangua ulimbo wa miti. Kwa hivyo nyuki huigusa hewa, na mimea, na maji, na vumbi la ardhi, vyote katika siku moja.

Sasa tupige hesabu. Mzinga ukitoa vibarua 10,000 kwa siku, na kila mmoja akenda safari 10, hizo ni safari 100,000, na katika kila safari nyuki hutembelea maua mengi. Na ikiwa mwendo wake ni kilomita tatu kila upande, basi eneo alizungukalo ni kilomita za mraba 28 na zaidi, nalo ni kubwa kuliko kisiwa kizima cha Mombasa. Ni serikali gani iwezayo kuajiri watu wa kuchukua vumbi mara laki moja kwa siku katika eneo kama hilo? Juu ya hayo, jioni ikiingia, wote hurejea mlango mmoja, wakayaweka waliyoyakusanya katika nyumba moja. Wanyama wengi hutembea, na miti mingi hushika vumbi. Lakini mwenye kutembea sana kisha akarudi pale pale kila siku, huyo ni adimu. Hii ndiyo sababu nyuki akachaguliwa.

KITU GANI NDANI YA MZINGA KITOACHO JAWABU

Mtu asidhani ya kuwa kila kitokacho mzingani hutoa khabari moja. Kila kitu kina khabari yake, na mwenye kutaka kujua hana budi kuulizia panapojibiwa.

Kwanza, mwili wa nyuki mwenyewe. Huu ndio uchukuao vumbi kwa wingi, kwa hivyo ndio ufaao zaidi kwa kupima madini mazito kama risasi, kadimi na aseniki. Nyuki waliokufa nao wana khabari yao. Nyuki ni wasafi, hutoa maiti zao nje ya mzinga. Kukiwekwa kisanduku cha kuzipokea mlangoni, na kila juma zikahesabiwa, ongezeko la ghafula huwa ni onyo ya kuwa pana shamba lililopigwa dawa karibu.

Pili, chavua. Hii hukaa juu ya ua ikiwa wazi, ikapigwa na hewa na mvua, kisha ikaletwa mzingani kwa muda mfupi. Kwa hivyo khabari yake ni ya leo na jana, si ya mwaka jana.

Tatu, asali. Wengi hudhani asali ndiyo ya kwanza kuchafuka, na kwa kawaida sivyo. Mbochi hupita tumboni mwa nyuki, na sehemu ya uchafu hubakia mwilini mwake, hata asali ikawa ni safi kuliko nyuki aliyeitengeneza. Madini yanayopatikana katika asali ni kidogo mno, na kuyapima kwahitaji mashine nyepesi wa kuhisi. Lakini asali ina sifa moja: huonyesha wastani wa msimu mzima, na yapatikana kila palipo mrina asali.

Nne, nta. Hii ni kama mafuta, hunywa dawa za wadudu zilizo za asili ya mafuta na kuzishika kwa miaka. Nta ni daftari la zamani. Na hapo pana hadhari: nta ikiyeyushwa na kutumiwa tena, huja na madeni ya mizinga mingine.

Tano, ulimbo ambao nyuki hukusanya kuzibia nyufa za nyumba yao. Huo hunata, na kila kinatacho hushika vumbi.

YALIYOTHIBITI KATIKA MIJI MINGINE

Fikira hii si mpya. Tangu mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa Chekoslovakia, J. Svoboda, alitambua ya kuwa nyuki waweza kutoa khabari juu ya madhara ya viwanda kwa nchi inayovizunguka. Kuanzia miaka ya 1980 Giorgio Celli wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, pamoja na wenzake, waliifanya kuwa kazi ya mpango, khasa katika kuchunguza dawa za mashambani kwa kuwahesabu nyuki waliokufa. Na mtambo wa Chernobyl ulipolipuka mwezi wa Aprili 1986, na wingu lake likapita juu ya Ulaya, wataalamu wa Italia walizipima bidhaa za mizinga, na chavua ikawa ndiyo iliyoonyesha vyema ile miali iliyoanguka kutoka angani.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Katika jimbo la Washington pana ghuba iitwayo Puget Sound, na katika mji wa Tacoma palikuwa na kiwanda kikubwa cha kuyeyusha shaba. Jerry Bromenshenk wa Chuo Kikuu cha Montana na wenzake hawakununua mamia ya vyombo. Waliwaendea wafugaji wa nyuki wa eneo hilo, watu wa kawaida, nao kwa kujitolea wakatoa nyuki wa mizinga yao, katika eneo lililozidi kilomita za mraba 7,000. Nyuki hao walipimwa, na vipimo vikachorwa katika ramani. Ramani ikaonyesha aseniki na kadimi zikizidi kila mtu akikaribia upande wa viwanda, na zikipungua kila akienda mbali. Khabari hiyo ilichapishwa mwaka 1985, na mwaka huo huo kiwanda cha shaba kikaacha kazi kwa sababu zake nyingine. Tuzingatie jambo moja hapa: ramani ile haikuchorwa na wataalamu peke yao. Ilichorwa kwa mikono ya wenyeji waliokubali kufungua mizinga yao.

Mfano wa tatu ni wa Vancouver, mji wa bandari katika Kanada. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, wakiongozwa na Kate Smith na Dominique Weis, walichapisha uchunguzi wa asali ya mizinga iliyo katika mitaa mbali mbali ya mji huo. Risasi, zinki na shaba zilizidi katika asali ya katikati ya mji, palipo na magari mengi na karibu na bandari, na zikapungua kila mzinga ulipokuwa mbali. Lakini hawakusema watu waache kula asali. Walisema asali ile ni safi kwa mlaji, na ya kuwa mtu mzima angehitaji kula zaidi ya gramu 600 kila siku ndipo avuke mpaka unaoruhusiwa. Hapa pana funzo kubwa: kitu chaweza kuwa salama kuliwa, na papo hapo kikatoa khabari ya hatari iliyomo hewani.

Katika uchunguzi huo walitumia elimu ya kujua nasaba ya risasi, nayo yastahiki kuelezwa. Risasi zote kwa macho ni moja, lakini ndani yake mna namna nne za chembe zilizotofautiana kwa uzito, nazo huandikwa kwa hesabu 204, 206, 207 na 208. Kiasi cha kila namna hutofautiana kwa kila machimbo, kwani tatu katika hizo huzaliwa polepole na madini mengine yanapooza ndani ya mawe. Kwa hivyo risasi iliyotoka katika mwamba wa nchi hii haina uwiano mmoja na iliyotoka nchi nyingine, kama vile watu wawili wanavyoweza kufanana sura na nasaba zao zikawa mbali. Asali ya katikati ya Vancouver ilionyesha risasi isiyokuwa ya ardhi ya pale. Ilikuwa ni risasi iliyoletwa na kazi za watu.

Mfano wa nne ndio ulio dhahiri kuliko yote. Mji wa Paris ulishuhudia moto mkubwa. Siku yenyewe ilikuwa 15 Aprili 2019, liliposhika moto kanisa kuu la Notre-Dame. Paa lake na mnara wake vilikuwa vimefunikwa kwa mamia ya tani za risasi, na moshi ukapeperushwa na upepo kuelekea magharibi ya mji. Katika mwezi wa Julai wataalamu wale wale wa Vancouver walipata asali 36 kutoka mizinga ya Paris na kandokando yake. Asali ya mizinga iliyokuwa upande ulikokwenda moshi ilikuwa na risasi zaidi kuliko nyingine. Iliyozidi zote ilikuwa na mikrogramu 0.08 katika kila gramu, nayo ilitoka katika mzinga ulio chini ya kilomita 5 magharibi ya kanisa. Na asali ya Paris ya kabla ya moto ilikuwa na mikrogramu 0.009. Hiyo ni karibu mara 9. Hata hivyo hakuna iliyovuka mpaka wa Ulaya, ambao ni 0.10. Nyuki hawakuuona moto wala hawakusikia khabari zake, lakini majuma kadha baadaye asali yao ilieleza moshi ulikopita.

Na juu ya dawa za mashamba, mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, walichapisha vipimo vya asali 198 kutoka pande zote za dunia. Katika kila asali 100, asali 75 zilikuwa na angalau dawa moja katika jamii ya dawa za wadudu ziitwazo neonikotinoidi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku dawa tatu za jamii hiyo zisitumiwe katika mashamba ya wazi.

NYUKI NI SHAHIDI, SI KADHI

Huenda mtu akisha kusoma hayo akasema: basi yatosha tuweke mzinga, na ukituonyesha risasi tumshike mwenye kiwanda. Twamjibu: la. Nyuki ni shahidi, wala si kadhi. Na shahidi huulizwa, akapimwa, akatafutiwa mwenzake.

Kwanza, nyuki hutueleza ya kuwa katika eneo lake mna kitu fulani. Hawezi kutuonyesha nyumba kilikotoka. Ili kujua hilo yahitajiwa mizinga kadha katika pahala mbali mbali, kama walivyofanya watu wa Puget Sound, au yahitajiwa elimu ya nasaba tuliyoitaja.

Pili, hali ya hewa hubadilisha ushahidi. Mvua huosha vumbi, kiangazi hulizidisha, na maua ya msimu huu si ya msimu ule. Mwenye kulinganisha asali ya masika ya pahala hapa na asali ya kaskazi ya pahala pale hakulinganisha kitu. Kila vipimo viwili havina budi kuwa vya msimu mmoja.

Tatu, uchafu waweza kuingia kwa mkono wa binadamu mwenyewe. Asali ina uchachu, na uchachu hula madini. Ikiwekwa katika debe la bati lililopakwa zinki, itatoka na zinki ambayo nyuki hakuileta. Rangi ya mzinga, moshi wa kurinia, kisu kilichoshika kutu, vyote hivi huweza kumsingizia nyuki. Kwa hivyo asali ya kupimwa hutiwa katika chupa safi ya kioo, ikaandikwa tarehe, pahala, na jina la mti uliokuwa ukichanua.

Nne, hapana budi pawe na mzinga wa kulinganishia, ulio mbali na moshi na magari. Bila ya huo, hesabu haina maana; kwani mtu atajuaje ya kuwa kiasi hiki kimezidi, ikiwa hajui kiasi cha kawaida?

Tukiyashika hayo, ushahidi wa nyuki una nguvu. Tukiyaacha, tutamdhulumu nyuki, na tutamdhulumu na jirani yetu tutakayemtuhumu pasi na haki.

JAMBO HILI LATUHUSUJE

Huenda mwingine akasema: hizi ni khabari za Paris na Kanada, nchi za watu wenye mashine na fedha, sisi zatufaa nini? Twamwomba mwenye kusema hivyo akumbuke mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa.

Mwaka 2007 palifunguliwa kando ya mtaa huo, wenye wakaazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Kiwanda kilikuja kufungwa mwaka 2014. Katika miaka hiyo vumbi na maji machafu viliingia majumbani, na watoto na wakubwa wakapimwa wakaonekana wana risasi katika damu. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho na mwanawe akapatikana na sumu hiyo, alisimama akapigania haki, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwezi wa Julai 2020 mahkama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ukapingwa katika rufani, na mwezi wa Disemba 2024 Mahkama ya Juu ya Kenya ikaurudisha.

Haki hiyo ni kubwa, wala hatuidharau. Lakini tuulize: khabari ya risasi ile iliandikwa wapi kwanza? Iliandikwa katika damu ya watoto. Kipimo kilichotumika kuujulisha ulimwengu kilikuwa ni mtoto. Na Shirika la Afya la Ulimwengu limesema hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara. Na mtoto ndiye aumiaye zaidi, kwani risasi huizuia akili yake kukua, na kilichopotea hapo hakirudishwi na fidia. Fidia hulipia, hairudishi.

Hii ndiyo maana ya somo letu lote. Mji ulio na njia ya kuulizia hewa yake mapema hauhitaji kungoja mpaka mtoto augue. Hatusemi ya kuwa mzinga mmoja ungaliuokoa mtaa ule. Twasema ya kuwa watu wenye mazoea ya kuuliza huwa wagumu kufichwa.

Wala tusidhani kuwa risasi ni jambo lisiloondoka. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza katika vituo, Algeria, iliacha Julai 2021. Moshi wa magari ungaliko, lakini sumu hiyo moja imeondolewa kwa sababu watu walipima, wakasema, wakashikilia.

Tena elimu hii si ngeni kwetu. Nairobi mna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye maabara ya afya ya nyuki kwa ajili ya Afrika. Na mwaka 2014 wataalamu wa Kenya na Marekani walichapisha uchunguzi wa mizinga ya pahala 24 katika Kenya. Waliona dawa za wadudu ni chache na kiasi chake ni kidogo. Hiyo ni khabari njema, na yatufaa kama mzinga wa kulinganishia: siku zijazo tukipima tukaona zimezidi, tutajua ya kuwa zimezidi.

Basi tufanye nini? Hatuwaambii watu waweke mizinga vichochoroni. Nyuki wetu ni wakali, nao wakichokozwa hushambulia kwa kundi. Mizinga na ikae mbali na nyumba, madrasa na njia za watu, chini ya mikono ya wanaojua kazi. Lakini warina asali tunao, katika mikoko na katika mashamba ya minazi. Yafaa tuwajue, tuwaulize nyuki zao wana hali gani, na je, wamewahi kuwaona wakifa kwa wingi mlangoni, na siku gani. Waalimu wa skuli zetu za sekondari waweza kuwafundisha wanafunzi kuandika daftari la mzinga: tarehe, mvua, mti unaochanua, na hesabu ya maiti. Daftari hilo halina gharama ila kalamu. Na penye shaka ya kweli, chupa mbili za asali, ya mjini na ya mbali, za msimu mmoja, zaweza kupelekwa katika maabara yenye ithibati.

Na ushahidi ukipatikana, njia iko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Na kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahkamani juu ya haki hiyo bila ya kulazimishwa kuonyesha ya kuwa yeye mwenyewe amekwisha kudhurika. Maana yake ni kwamba sheria haimtaki mtu angoje mtoto wake augue. Ikiwa sheria haikutaka tungoje, mbona sisi twangoja?

MUHTASARI NA MASWALI YA DARASA

Nyuki hukusanya vumbi, chavua, mbochi, maji na ulimbo katika eneo kubwa, akavirejesha pahala pamoja. Mwili wake hueleza madini, chavua hueleza ya leo, asali hueleza ya msimu, na nta hueleza ya zamani. Ushahidi wake wataka mwenzake, msimu mmoja, chombo safi, na mzinga wa kulinganishia. Asali yaweza kuwa salama na bado ikatuonya.

Wenye kukutana kwa mazungumzo ya somo hili na wajibu haya:

1. Kwa nini mwili wa nyuki huwa na madini zaidi kuliko asali yake?

2. Mtu ameleta asali iliyowekwa katika debe la bati, akasema ina zinki nyingi kwa sababu ya bandari. Utamjibu nini?

3. Ni jambo gani waliloweza kulijua watu wa Puget Sound kwa kuwa na mizinga mingi, ambalo mwenye mzinga mmoja hawezi kulijua?

4. Katika mtaa wako, ni moshi gani uwashwao kila siku, na ni nani aliyewahi kuuliza una nini ndani yake?

Swali la nne halina jawabu katika karatasi hii. Jawabu lake liko mitaani, na kila mmoja wetu ana wajibu wa kwenda kulitafuta.